Chuo kikuu kinamlisha nani siku hizi? Mdogo wangu ana daraja la kwanza, nyumba nzima imegawanyika

#1 Mtu_wa_Kilosa (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mdogo wangu wa mwisho kamaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hesabu), daraja la kwanza pointi saba. Badala ya kuchinja kuku, nyumbani Kilosa watu hawasemezani. Mama anataka uhandisi, Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye alinisomesha mimi, anasema dogo aende VETA, chuo cha ufundi, akasome umeme wa magari, "hatupeleki mtoto wa pili kwenye shimo lile lile". Mtoto wa kwanza wa shimo hilo ni mimi. Nina shahada ya sosholojia ya 2016, miaka minne nilituma barua za maombi mpaka karani wa posta akanizoea, sasa nasimamia duka la vifaa vya ujenzi la mtu mwingine. Mkopo wa masomo bado nadaiwa.

Kuna mfano wa Mwalimu Nyerere wa miaka ya 60 unanikaa sana kichwani. Alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa ambaye wenzake wamempa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea kingine. Akila halafu asirudi, huyo ni msaliti.

Sasa hoja yangu. Siku hizi kijiji hakimpi mtu chakula. Mtu anakopa chakula chake, anakula peke yake, analipa peke yake, na akirudi mikono mitupu hakuna wa kumwita msaliti kwa sababu hakuna aliyemtuma. Mkataba ule umevunjika. Nataka kujua nani kauvunja: serikali, vyuo, au sisi wenyewe? Na dogo nimwambie nini? Naombeni majibu ya kweli, kikao cha familia ni Jumapili.

#2 Kasuku_wa_Ubungo

Nimevuta kiti. Uzi huu utafika mbali.

#3 MzeeMlimani79

Mwanangu, umenigusa. Mimi niliingia Mlimani 1979. Wakati huo hukuwa unatoka kidato cha sita moja kwa moja. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mtu afanye kazi kwanza, apite JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), apate na mapendekezo ya kazini na ya chama. Nilifanya kazi kiwandani Mwanza miaka miwili. Darasani nilikaa na watu wazima wenye watoto, mhadhiri akisema jambo la viwanda kuna mtu ananyoosha mkono anamwambia "hapana, kule kwetu haiendi hivyo".

Tulikula Kafeteria bila kutoa senti. Nilipomaliza, barua ya kupangiwa kazi ilinikuta kabla sijafunga sanduku. Ndiyo maana vijana mkisema mmetuma maombi mia mbili napata shida hata kuelewa, sisi hatukujua barua ya maombi inaandikwaje. Lakini tulikuwa wachache. Chuo kikuu kilikuwa kimoja nchi nzima tangu UDSM ianze 1970, cha pili kimekuja 1984, SUA, kile cha kilimo cha Morogoro.

#4 Desa_la_Mwisho

Mzee wangu shikamoo. Marekebisho kidogo: 1970 ndipo kilipokuwa chuo kikuu kamili kinachojitegemea. Kuanza kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo cha sheria tu, wanafunzi hawafiki hata 15, na shahada zilikuwa za London. 1963 kikaingia kwenye Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Kupanda Mlimani ni 1964.

Nayasema haya kwa sababu yanamhusu mleta mada. Chuo kilianzishwa kujaza viti vya Waingereza waliokuwa wanaondoka. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutoa mahakimu, mabwana shauri, walimu na wahandisi wa serikali. Viti vilikuwa vitupu, mtu anatoka darasani anakaa. Viti vilipojaa, hakuna aliyekaa chini kuuliza chuo sasa kifanye kazi gani nyingine. Mimi sioni msaliti hapo. Viti vimejaa tu.

#5 MzeeMlimani79

Marahaba. Umenisahihisha vizuri, nashukuru.

Ila msidhani zamani ilikuwa peponi. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, maana wangekatwa asilimia 40 ya mshahara. Walisema hali zilikuwa nafuu enzi za mkoloni. Mwalimu alikasirika, akawarudisha makwao karibu 400, na siku hiyohiyo akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Kwa hiyo huo mkataba wa kijiji na msomi, mleta mada, ulianza kugombaniwa chuo kikiwa na miaka mitano tu. Kaka zangu wa wakati ule hawakuona kuwa wanadaiwa na mtu.

#6 Mama_Vyumba

Naomba niseme mimi ambaye sikusoma huko. Nina vyumba tisa Changanyikeni, vyote wanakaa wanafunzi. Mkisema chuo kinamlisha nani, kinanilisha mimi. Kinamlisha na mama wa chapati pale njiani, kijana wa steshenari, wa bodaboda, msusi. Bumu, ile pesa ya kujikimu ya wanafunzi, likitoka mtaa mzima unajua siku hiyohiyo. Madeni ya dukani yanafutwa, watu wanakula kuku, msusi analala saa saba usiku.

Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa corona, ndani ya siku mbili nilibaki na vyumba vitupu. Vijana waliacha ndoo, majiko ya gesi, mmoja aliacha kitabu kinene kimefunguliwa juu ya kitanda kama anarudi jioni. Mama wa chapati alihama, akarudi kwao Korogwe. Juni walipofungua tulikuwa watatu tu kati ya wafanyabiashara wanane wa ule mstari. Pale ndipo nilijua sisi wote ni wafanyakazi wa chuo, hatujaandikwa tu.

#7 Desa_la_Mwisho

Mama #6 kasema kitu ambacho wachumi wanakiandika kwa kurasa mia. Halafu fikiria, bumu lenyewe ni mkopo. Mtaa unakula leo mshahara wa kijana wa kesho kutwa.

#8 Fundi_Gerezani

Salaam. Mimi ni darasa la saba, nina mashine mbili za kukereza chuma hapa mtaa wa Gerezani, Dar, mwaka wa 22 huu. Wanafunzi wa uhandisi huletwa kwangu kwa fildi, mafunzo ya vitendo. Nitasema niliyoyaona.

Mwaka jana alikuja kijana wa mwaka wa tatu. Wiki ya kwanza kavunja visu viwili vya kukerezea. Venia ya kupimia anaishika kama kalamu. Nikasema hawa ndio wahandisi wetu? Nikampa fagio.

Wiki ya tatu akaja mteja wa Mkuranga na mashine ya kusaga, unga unatoka chenga. Nilikuwa nimeshabadilisha chekeche, nimebadilisha na nyundo za ndani, unga ni uleule na pesa ya mtu nimekula. Yule kijana akaweka fagio chini, akachuchumaa kwenye mota, akafuta vumbi kwa kidole akasoma kibati: mizunguko 1,450 kwa dakika. Akapima puli ya mota, inchi 6. Puli ya mashine, inchi 6. Akachukua chaki akaandika kwenye bati. Akaniambia, "Fundi, mashine hii inazunguka sawa na mota, 1,450. Inatakiwa iende karibu mara mbili. Kuna mtu amebadilisha puli." Nikamuuliza tufanyeje. Akasema puli ya mota iwe kubwa mara mbili ya ile ya mashine, lakini tusiweke ndogo sana kwenye mashine, mkanda utateleza. Tukaweka 10 kwa 5. Nikakereza mimi, kwa sababu yeye angeharibu chuma. Mteja akasaga debe pale pale, unga ukatoka kama poda.

Miaka 22 nilikuwa nabadilisha puli kwa kukisia. Sikujua kuna hesabu. Siku hizi nina karatasi yake nimeibandika ukutani, wateja wa mashine za kusaga nawahudumia siku moja badala ya nne.

Kinachoniuma ni hiki: mwalimu wake alikuja kumkagua mara moja, dakika kumi, akasaini kitabu akaondoka. Hakuniuliza mimi swali hata moja. Chuo hakijui kwamba mimi nipo.

#9 Kasuku_wa_Ubungo

Fundi #8 hii post inatosha kuwa uzi wake yenyewe. Nakazia.

#10 Pwani_Kisauni

Hamjambo ndugu zangu, nawasomea kutoka Mombasa. Huku kwetu shida ni hiyo hiyo ila imepita njia nyengine.

Tulichukua vyuo vya ufundi tukavigeuza vyuo vikuu. Hapa Mombasa kulikuwa na MIOME, ilianza miaka ya 1950 kufunza vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki ufundi, hata kutoka Unguja walikuja. 1972 ikawa chuo anuwai, 2007 chuo kikuu kishiriki, 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi. Babangu alisoma umeme pale, akaajiriwa bandarini kabla hajamaliza. Shangwe tulipata ya kuitwa chuo kikuu, lakini yule fundi wa kati, wa diploma, anayejua kuunga nyaya na kusoma mchoro, nani sasa anamtoa kwa wingi ule?

Ya pili ni pesa. Nairobi walianzisha masomo ya kujilipia 1998, wale wa "moduli ya pili". Vyuo vikashiba, vikafungua matawi juu ya maduka, kila mji. Halafu 2016 serikali ikakaza mitihani ya kidato cha nne, waliopata A wakawa 141 nchi nzima, waliofuzu wakapungua hadi serikali ikaweza kuwachukua wote. Wa kujilipia wakakauka. Vyuo vilivyokuwa vimezoea pesa ile vikabaki na madeni, wahadhiri kila mwaka ni migomo. Kwa hivyo kwa maoni yangu aliyevunja mkataba ni soko. Chuo kilijifunza kumuona mwanafunzi kama karo inayotembea.

#11 Desa_la_Mwisho

@Pwani_Kisauni hata huku. Mbeya Teknikali leo ni chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Chuo cha uongozi Mzumbe ni chuo kikuu tangu 2001. Mkoa ukikosa chuo kikuu wabunge hawalali.

#12 Mwl_Kibondo

Nimesoma wote. Sikubaliani na #4 kwamba viti vimejaa.

Mimi nina shahada ya ualimu, fizikia na hesabu. Nafundisha kwa kujitolea sekondari ya kata. Darasa langu la kidato cha pili lina watoto 94. Shule nzima mwalimu wa fizikia ni mimi, nisiyeajiriwa. Wazazi wanachanga, napata laki na nusu mwezi wakivuna vizuri. Nimeshafanya usaili wa ualimu, tulikaa mamia kwa nafasi za kuhesabu.

Sasa niambieni, kiti kimejaa wapi? Kiti kipo, watoto 94 wamekizunguka, kinachokosekana ni mshahara wa anayekikalia. Tukisema wasomi wamezidi tunaidanganya nafsi yetu. Madaktari wako mtaani na zahanati zina muuguzi mmoja. Mabwana shamba wako mtaani na mahindi ya baba yangu yameliwa na viwavijeshi hakuna wa kumuuliza. Wasomi hawajazidi hata kidogo. Nchi imewasomesha halafu haina bajeti ya kuwatumia.

Na mleta mada, kijiji bado kinanilisha mimi. Kinanilisha mahindi kabisa, debe. Kwa hiyo mkataba kwangu haujavunjika, umekosa upande wa tatu.

#13 Mtu_wa_Kilosa

Mwalimu, hii sikuwa nimeifikiria. Endelea kuwepo.

#14 Kodi_na_Makato

Kwenye mikopo watu wanasahau. Bodi ya mikopo ilianza 2005. Kabla yake, mwanzoni mwa miaka ya 90, ndipo serikali ilipoanza kuchangia gharama na wazazi, baada ya masharti ya wakopeshaji wa nje. Pale ndipo elimu ya juu ilihama kutoka kuwa deni la taifa ikawa deni la mtu. Leo wanakata asilimia 15 ya mshahara wote mpaka unazeeka.

#15 Desa_la_Mwisho

Asilimia 15 ni ya mshahara wa msingi, posho hazimo. Zamani ilikuwa 8, sheria ikabadilishwa 2016. Na ile tozo ya kulinda thamani, asilimia 6 kila mwaka, iliyokuwa inafanya deni likue hata ukilipa, ilifutwa na Rais Samia Mei Mosi 2021. Shangazi yangu siku ile alilia mbele ya televisheni.

#16 Kodi_na_Makato

Sawa, nimekosea hapo kwenye mshahara wote. Hoja yangu inabaki.

#17 Mazimbu_Damu

Wakuu mmesahau panya.

Nimekulia Mazimbu, Morogoro, pale palipokuwa shule ya wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, leo ni kampasi ya SUA inayoitwa Solomon Mahlangu. Pale SUA kuna panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya TB. Ni wepesi, wakikanyaga bomu halilipuki. Panya mmoja anapitia sampuli 100 za makohozi kwa dakika kama 20, kazi ambayo kwa darubini mtu anaifanya siku kadhaa. Wagonjwa ambao hospitali iliwaambia hawana TB, panya anawakamata.

Dada yangu ana kidato cha nne, na kazi yake ni kufundisha hao panya. Alfajiri saa kumi na moja na nusu yuko uwanjani kabla jua halijawa kali, maana panya hawapendi joto. Ana kidude kinalia "klik", panya akikwaruza pahala penye harufu anasikia klik, anakimbia kulamba ndizi iliyopondwa kwenye bomba la sindano. Anawaita kwa majina. Mmoja akiugua dada hali chakula.

Hicho ndicho chuo kikuu ninachokijua mimi. Sayansi imekaa pale, mtu wa kidato cha nne amepata kazi, na mkulima wa Msumbiji analima shamba lililokuwa na mabomu.

#18 Kodi_na_Makato

Lakini ule mradi ni wa Wabelgiji mkuu, si wa SUA.

#19 Mazimbu_Damu

Wabelgiji ndio walianzisha shirika, APOPO, sibishi. Lakini makao yako SUA tangu 2000, panya ni wetu, wakufunzi ni wetu, watafiti wa chuo wamo ndani. Magawa aliyepewa nishani ya dhahabu Uingereza 2020 kwa kazi ya Kambodia amezaliwa hapa hapa. Alifariki Januari 2022, dada alifunga kitambaa cheusi.

#20 Kasuku_wa_Ubungo

Apumzike Magawa. Mimi nakaa na panya Ubungo miaka sita hawajanigundulia kitu chochote, wananilia sabuni tu.

#21 Mama_Vyumba

Kasuku nunua paka.

#22 Kiponda_Mjini

Assalaam alaykum wenzangu. Turudini kwenye mada. Huku Unguja SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, inafundisha wageni Kiswahili, kazi iliyoanzia TAKILUKI, taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni, tokea 1979. Wanakuja Wamarekani, Wajapani, wanakaa majumbani mwetu, wanalipa. Bi mkubwa wangu kashapokea wanafunzi zaidi ya thelathini, wengine wanamuita mama mpaka leo, wanampigia simu Idi. Na 2023 Wahindi wamefungua tawi la chuo chao cha IIT Madras hapa Bweleo, la kwanza nje ya India.

Nnachotaka kusema, sisi tunauliza chuo kimlishe nani wakati wengine washaona chuo ni bidhaa ya kusafirisha, kama karafuu. Lugha tunayo, watu wanaitaka. Lakini khasa mwanafunzi wetu sisi, akifika chuo kikuu anaulizwa kila kitu kwa Kiingereza.

#23 Mhadhiri_Kivulini

Nimesita kuandika, lakini #8 amenilazimisha. Mimi ni mmoja wa hao wanaokuja dakika kumi.

Nafundisha chuo cha umma, sitakitaja. Darasa langu la mwaka wa kwanza lina wanafunzi zaidi ya 500. Ukumbi unaingia 300, waliobaki wanasimama madirishani na wengine wanarekodi kwa simu. Wakati wa mitihani meza ya chakula nyumbani inageuka ghala la madaftari, watoto wangu wanakula wamekaa mkekani wiki tatu. Kipindi cha fildi napewa wanafunzi 60 katika mikoa minne na posho ya siku nane. Gawa mwenyewe. Fundi, si kwamba sijui kuwa upo. Niliona ile karatasi ukutani au nyingine kama hiyo kwa fundi mwingine, nikatamani kukaa, dereva alikuwa anapiga honi.

Kuna jambo kubwa zaidi. Mimi kupanda cheo napimwa kwa makala zilizochapishwa kwenye majarida ya nje, kwa Kiingereza. Nikitumia mwezi mzima kumsaidia fundi wa Gerezani kutengeneza jedwali la puli kwa Kiswahili, kwenye fomu ya kupandishwa cheo hakuna kisanduku cha kuliandika. Chuo kinafanya kile kinachohesabiwa.

Lakini kuna ushahidi kwamba inawezekana. TUKI, taasisi ya Kiswahili ambayo leo ni TATAKI, ilikaa pale Mlimani miaka mingi inakusanya maneno, na 1981 ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kila shule, kila chumba cha habari, kila mahakama iliitumia. Hiyo ilikuwa kazi ya chuo kikuu kwa kijiji chote, na haikuhitaji mtu wa nje kuipongeza. Kamusi kama hiyo ya mashine, ya mbegu, ya magonjwa ya mifugo iko wapi?

Sasa kuna fedha za mradi wa Benki ya Dunia wa mageuzi ya elimu ya juu, dola milioni 425 tangu 2021. Majengo yanapanda, kampasi zinafunguliwa mikoani, UDSM inakwenda Kagera na Lindi, mitaala inapitiwa upya na waajiri wanaitwa kwenye vikao. Ni jambo jema na nimeshiriki. Nilichokiona ni kwamba mwajiri anayeitwa kikaoni ni benki, mgodi, kampuni ya simu. Sijawahi kumwona fundi wa Gerezani.

#24 Fundi_Gerezani

Mwalimu #23, nimesoma mara mbili, mara ya pili nimemsomea na mwenzangu. Nilikuwa nimekuhukumu. Nisamehe. Hiyo honi ya gari na mimi niliisikia.

Siku ukiwa na nafasi njoo bila gari la chuo. Jedwali la puli nalitaka, na la meno ya gia pia, yale ndiyo yananitesa.

#25 Mhadhiri_Kivulini

La gia naweza kulianza wiki hii. Nitumie aina ya mashine yako na idadi ya meno unayopewa mara nyingi.

#26 Omukama_wa_Kyaka

Nachangia kidogo kutoka Kagera. Mnabishana ufundi dhidi ya chuo kikuu kama paka na panya (samahani Mazimbu). Makerere, mama wa vyuo vyetu vyote, 1922 ilianza kama shule ya ufundi: useremala, ujenzi na makanika. Baadaye ndipo ikapanda, na Mwalimu Nyerere akasoma ualimu pale miaka ya 40. Miaka ya 90 ikafungulia wanaojilipia, madarasa ya jioni yakajaa, na kina kaka zetu wa Bukoba walivuka mpaka wa Mutukula na noti mifukoni. Chuo kimoja, kazi tatu tofauti ndani ya miaka 70. Kwa hiyo nikisikia "kazi ya chuo kikuu ni hii" huwa nauliza ya mwaka gani.

#27 Mwl_Kibondo

Hapo sawa, lakini kila mara kilipobadilika kuna mtu aliyeamua kibadilike. Mkoloni aliamua, Mwalimu aliamua, wakopeshaji waliamua. Safari hii sioni anayeamua, naona majengo tu.

#28 Desa_la_Mwisho

Mwalimu, sera mpya ya elimu iliyozinduliwa Januari 2025 ina mkondo wa amali, yaani ufundi, sekondari. Wapo wanaoamua.

#29 Mwl_Kibondo

Amali nimeisoma. Kwetu haijafika karakana, imefika karatasi. Ikifika nitakuja kusema hapa hapa.

#30 MzeeMlimani79

Mleta mada, kikao kilikwendaje? Ilikuwa Jumapili.

#31 Mtu_wa_Kilosa

Wakuu samahani kwa kimya, mtandao Kilosa ni wa kupandia mlima.

Kikao kilichukua saa tatu. Nilisoma post ya Fundi #8 kwa sauti, kwenye simu, mama akanirudisha mara mbili pale kwenye chaki. Nikasoma na ya Mwalimu Kibondo. Kaka mkubwa akasema, "Huyo mwalimu wa watoto 94 ndiyo anathibitisha ninachosema, asome halafu ale mahindi ya kuchangiwa?" Mama akamjibu, "Na wale watoto 94 wafundishwe na nani?" Hapo pakawa kimya mpaka chai ikapoa.

Dogo mwenyewe hakuwa amesema neno toka asubuhi. Mwisho akauliza swali moja: yule kijana wa fildi alijuaje kwamba mashine inatakiwa kwenda mara mbili? Chaki na hesabu nimeelewa, akasema, lakini ile namba ya kwanza aliitoa wapi?

Hatukuwa na jibu. Kaka bado anasema VETA, mama bado anasema Mlimani. Maombi ya awamu ya kwanza bado yako wazi kwa hiyo muda upo, siku chache. Fundi, naomba unijibu hilo swali, ameniuliza tena usiku tukiwa tumelala.

#32 Fundi_Gerezani

Na mimi nilimuuliza yule kijana swali hilohilo. Aliniambia ni kasi ya ncha ya nyundo kule ndani, kwamba punje inapasuka kwa kupigwa haraka, ukipiga polepole inamenyeka tu. Alinichorea. Mchoro nauelewa nikiutazama, kuueleza kwa maandishi siwezi.

Vyuo havifunguliwi mpaka baadaye, sasa hivi anakaa bure. Mlete Jumatatu nimuoneshe mashine yenyewe ikiwa wazi, nina moja nimeifungua ya mteja wa Kibaha. Nimekutumia ujumbe wa ndani wa namna ya kufika. Aje na viatu vigumu na shati la mikono mifupi, mikono mirefu inashikwa na mashine. Na daftari.